Sauti niliyoipandisha Chanthaburi

Jumapili usiku kijana mmoja wa Arusha aliniandikia. Ana miezi minne Bangkok, amepanga chumba maeneo ya Ramkhamhaeng, anahangaika na biashara ya mawe ya vito kama nilivyohangaika mimi. Ujumbe wake nimeusoma mara tatu: "Shikamoo kaka. Hawa watu wananidharau. Mama mwenye nyumba amekata hela yangu ya dhamana bila sababu. Nikamshukia palepale chini, mbele ya watu, nikamwambia ukweli wote. Sasa hata mlinzi hanisalimii. Nifanyeje ili waniheshimu?"

Mdogo wangu, nimeona bora nikujibu hapa, maana najua hauko peke yako. Na kabla sijakushauri chochote, acha nikueleze yaliyonipata mimi, kwa sababu swali lako ni langu la miaka minane iliyopita.

Nilifika Thailand mwaka 2016 nikiwa na begi moja la nguo na pakiti za mawe: spineli ya Mahenge, ganeti ya Umba, tanzanaiti kidogo. Miezi ya mwanzo nisiizungumzie sana, kila aliyetoka kwao kutafuta anaijua. Nilianza kupata mwanga nilipopelekwa Chanthaburi, mji ulio kilomita kama 250 kusini-mashariki mwa Bangkok. Dunia nzima ya rubi na yakuti inapita pale. Soko linachangamka Ijumaa hadi Jumapili, na limekaa kinyume na tulivyozoea Arusha: mnunuzi ndiye anayekaa. Anakodi meza, anapanga taa, mizani na kibano, na sisi wenye mawe ndio tunaopita meza hadi meza. Utawakuta Wathai, Wahindi, watu wa Sri Lanka, na ndugu zetu wa Guinea na Mali ambao wamekuwepo pale kabla yetu.

Hakuna kelele. Mtu anafungua pakiti yako, anamwaga mawe kwenye sinia jeupe, anachagua kwa kibano, halafu anaandika bei kwenye kikokotoo na kukugeuzia. Wewe unafuta, unaandika yako, unamrudishia. Mkikaribiana lakini mwenye mali yuko mbali, pakiti inafungwa kwa utepe wa gundi na bei inaandikwa juu yake. Ikishafungwa hivyo, ile ni ahadi. Haifunguliwi mpaka jibu lirudi.

Mwaka 2018 nilikuwa na pakiti ya spineli, vipande 41, mali ya mzee mmoja wa Arusha aliyeniamini. Mnunuzi akafunga, akaandika bei. Nikapiga simu, mzee akakubali. Nikarudi mezani moyo ukiwa mweupe. Yule mnunuzi akakata utepe, akamwaga mawe, akayaangalia upya, akaandika bei iliyopungua karibu theluthi.

Nilisimama. Nikamnyooshea kidole usoni. Nikamwambia kwa Kiingereza, na kwa Kithai kibovu nilichokuwa nacho, kwamba yeye ni mwizi. Nikapiga meza kwa kiganja. Sinia likaruka, na spineli za mzee wa watu zikatawanyika sakafuni, chini ya viti, katikati ya miguu ya watu.

Soko zima likanyamaza. Hakuna aliyenijibu. Yule mnunuzi alitabasamu, akaangalia pembeni. Halafu watu wa meza za jirani wakainama, mmoja mmoja, na tochi zao ndogo, wakaanza kuokota. Mama mmoja alipiga magoti kabisa na sketi yake nzuri. Walinirudishia kwenye sinia, wakahesabu mbele yangu: 41. Halikupotea hata moja. Nikafunga pakiti, nikaondoka kifua mbele nikiamini nimewaonyesha kwamba Mwafrika si wa kuchezewa.

Wiki iliyofuata hakuna aliyeifungua pakiti yangu. Nafika mezani, mtu anatabasamu, anatikisa kichwa taratibu, anaangalia simu yake. Wiki ya pili hivyohivyo. Karibu miezi mitano, mdogo wangu. Haki ilikuwa yangu, hilo nalisema mpaka leo, na bado linaniuma. Aliyekata ule utepe ndiye aliyevunja desturi ya soko. Lakini pale sokoni wote walikumbuka sauti yangu, na utepe wake ukasahaulika.

Baadaye nikajifunza neno lao: sia na, kuharibikiwa uso. Nilimharibia uso mbele za watu, na nilipofanya hivyo nikauharibu na wangu. Kwetu mtu akifoka tunasema ana uchungu, ana haki yake, msikilizeni. Thailand anayefoka anaonekana ameshindwa kujitawala, na asiyejitawala huwezi kumkabidhi mali. Wanaita jai yen, moyo wa baridi. Ule utulivu wao wengi wetu tunauona unafiki. Si unafiki. Ni malezi.

Na hapa nisiwasemee Waafrika tu. Nimekaa na Wazungu wa kila aina kwenye majengo ya kupanga, wengine wana miaka 20 nchini na Kithai chao kinaishia kwenye kuagiza bia. Mzungu anasema: hawa hawana utaratibu, hawajui kuendesha, hawafuati sheria. Dakika tano baadaye anapanda pikipiki kifua wazi, bila helmeti, anakwenda dukani. Sisi tunasema: hawa wanatubagua, dawa yao ni ukali. Wote tunajiona tuko nje ya utaratibu wa nchi, kana kwamba tumekuja kuikagua.

Sasa la pikipiki, maana nalo nimelilipia.

Ilikuwa msimu wa mvua, 2019. Nilikodi pikipiki bila leseni ya pikipiki, kama wafanyavyo wageni wengi. Wathai wanaendesha kushoto kama kwetu, na hilo ndilo linalotudanganya sisi wa Afrika Mashariki, tunajiona tuko nyumbani. Jioni ile nilikuwa na kandambili miguuni, helmeti nimeiacha chumbani kwa kuwa naenda karibu. Mdomoni mwa kichochoro akatokea mtu wa pikipiki anayekuja kinyume, pembezoni mwa barabara, jambo utakaloliona kila siku Bangkok. Alinipita salama. Mimi nikageuza shingo nimtukane, na nilipokuwa natukana ndipo nilipoingia nyuma ya pikapu iliyoegeshwa.

Nilivunjika mtulinga wa kushoto, na ekzosi ikanichoma shavu la mguu, kovu lipo. Nikakaa chini ukutani, miguu nimeinyoosha, natetemeka. Mama muuza saladi ya papai akaacha kinu na mchi wake, akaja na maji, na kile kichupa kidogo cha kunusa wanachokiita yadom, akanishikia puani mwenyewe. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Akachuchumaa, akaikamata miguu yangu yote miwili kwa upole, akaigeuza upande mwingine. Nilikuwa nimeielekeza kwenye kile kijumba cha mizimu kilichokuwa mbele ya jengo, chenye maua na glasi za soda nyekundu. Unyayo ni kitu cha chini kabisa kwao, hauelekezwi kwa mtu wala kwa kitu kitakatifu. Hakunikaripia. Aliigeuza tu, akanifuta damu, akampigia mtu simu.

Bima niliyokuwa nalipia kila mwezi ilikataa kunilipa. Walichouliza ni kimoja: leseni ya pikipiki iko wapi? Hospitali nililipa kwa kuuza jiwe langu mwenyewe la akiba, spineli ya Mahenge ya rangi ambayo sijaipata tena.

Kwa hiyo mtu akija kuniuliza Thailand kuna usalama, huwa namuuliza kwanza anaogopa nini. Wageni wanaogopa vibaka na nyoka. Kuibiwa kwa nguvu mtaani sijawahi, miaka yote hii, na natembea usiku na mali. Barabara ndiyo inayoua. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilikadiria vifo 32.7 vya barabarani kwa kila watu 100,000 Thailand, moja ya viwango vya juu kabisa duniani, na karibu robo tatu ya waliokufa walikuwa kwenye pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wao, ikifika katikati ya Aprili, wenyewe wanaziita siku saba za hatari. Vaa helmeti. Hata ukipakiwa na wale vijana wa bodaboda wenye vizibao vya rangi ya chungwa, omba helmeti. Kwenda dukani mita mia mbili, vaa helmeti. Na kwenye pundamilia usiingie ukiamini gari litasimama. Subiri Mthai avuke, vuka naye.

Jambo la pili la hatari ni mdomo. Kuna kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai: kumkashifu mfalme, malkia, mrithi wa kiti au kaimu mfalme ni kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Usilete utani wa siasa za kifalme, hata kwenye simu, hata kwa Kiswahili kama kuna anayekutafsiria. Kashfa ya kawaida nayo ni jinai kule. Mwaka 2020 Mmarekani mmoja aliyekuwa anafanya kazi nchini alikamatwa kwa sababu ya maoni mabaya aliyoiandikia hoteli ya kisiwa cha Koh Chang, karibu kabisa na huku kwetu Chanthaburi. Kwa hiyo kama ulikuwa na mpango wa kumweka yule mama mwenye nyumba mtandaoni na picha yake, acha leo hii.

Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa unapigwa stesheni na kwenye bustani. Watu wote wanasimama. Na wewe simama. Nimewaona wageni wakiendelea kutembea na simu masikioni kati ya mamia waliosimama kimya, na nikaona aibu kwa niaba yao.

Sitakudanganya kuhusu dharau. Ipo. Nimepanda treni ya juu iliyojaa, kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu vituo vinne, watu wamesimama. Nimesimamishwa na kuulizwa pasipoti wakati wenzangu weupe wanapita. Siku ya kwanza ya kile kiti nilirudi chumbani sikula. Inauma na itaendelea kuuma. Lakini nimechunguza kwa miaka, na sijaona hata siku moja ambapo ukali wa Mwafrika ulimfanya Mthai akae kwenye kile kiti. Nimeona salamu ikifanya hivyo. Tabasamu dogo, viganja pamoja, sawasdee khrap, simu mfukoni, sauti chini.

Bibi yangu Tanga alikuwa na neno moja alilotulea nalo: kustahi. Mstahi mtu. Unaingia kwake, unavua viatu. Hata kama amekukosea humwambii mbele ya mgeni, unasubiri mpaka mbaki wawili. Nilipoanza kuelewa kreng jai ya Wathai, ile hali ya kujinyima wewe ili usimtie mwenzako katika uzito, nilimkumbuka bibi nikalia. Nilivuka bahari nzima nikaenda kushindwa mtihani ambao nilishafundishwa nikiwa na miaka sita kwenye baraza ya Ngamiani. Tusijifanye tabia za Thailand ni ngeni kwetu. Tumeziacha kwetu tulipopanda ndege.

Baada ya ile miezi mitano nilirudi kwa yule mnunuzi. Nilikwenda asubuhi kabla soko halijajaa, na mfuko wa machungwa, nikampa wai, ile salamu yao ya viganja pamoja, nikamwomba radhi kwa sauti yangu. Sikuutaja utepe. Alisema mai pen rai, hamna neno, akasogeza taa, akanyoosha mkono wa kupokea pakiti. Leo ni mteja wangu mkubwa. Mwaka jana peke yake amenunua kwangu kuliko meza nyingine tatu zikijumlishwa, na bei anayoandika kwenye utepe hajaigusa tena.

Sasa mdogo wangu, turudi kwako. Pesa yako unaweza kuipata au kuikosa, sijui mkataba wako unasemaje, na kama ni haki yako kuna njia za kudai zisizohitaji kelele. Hifadhi namba 1155, polisi wa watalii, wanaongea Kiingereza, na 1669 ya gari la wagonjwa. Lakini usianze na polisi. Jumamosi nipo Chanthaburi, narudi Bangkok Jumapili jioni na basi la Ekkamai. Jumatatu asubuhi nitakuja kwako. Andaa mkataba na risiti ya dhamana, nunua matunda mazuri, vaa shati lenye kola. Tutakwenda kwa yule mama wawili, watu wakiwa hawapo pale chini. Mlangoni vua viatu, mpe mama wai, kaa miguu umeikunja nyuma. Nitaongea mimi.