Moyo ukienda mbio usiku na daktari yuko mbali: vile sisi tunatumia simu

Mama yangu anaishi Mumias, daktari wake wa moyo yuko Eldoret, mimi niko Kisumu, kwa hivyo sehemu kubwa ya matibabu yake siku hizi inapitia kwa simu. Watu huniuliza kama inasaidia kweli ama ni pesa inapotea tu. Inasaidia sana, lakini jueni daktari wa kwenye simu anaona kile umemtumia peke yake, ukimwandikia "mama hajiskii vizuri" atakwambia umlete hospitali, basi.

Mama ana atrial fibrileshoni, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga sawasawa, mapigo yanakuja ovyo ovyo, damu inatulia mle ndani inaganda, na donge likipanda kwa ubongo hicho ndicho kiharusi. Hatari ya kiharusi hupanda karibu mara 5. Yake ilitokana na homa ya rumatiki ya utotoni iliyoharibu valvu, ile milango ya ndani ya moyo, na huku kwetu si yeye peke yake.

Sasa shida ya huu ugonjwa, hasa mwanzoni, ni kwamba unakuja na kuondoka. Usiku moyo unamwenda mbio mpaka hawezi kulala, asubuhi mkifika hospitali ECG, kile kipimo cha kuchora mapigo ya moyo, inatoka safi na mgonjwa anaambiwa ni mawazo, arudi nyumbani apumzike. Hapo ndo simu inashinda safari. Kuna kile kifaa kidogo cha ECG unawekea vidole sekunde 30 kinachora mawimbi kwa simu, unayatuma saa hiyo hiyo shida ikiwa bado iko. Si bei rahisi, sisi tulichanga kama familia. Na hii kitu si ya juzi, Willem Einthoven, yule Mholanzi aliyeunda mashine ya ECG, mwaka wa 1905 alikuwa anapokea mapigo ya wagonjwa kwa waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden, maabara yake ikiwa umbali wa kama kilomita 1.5.

Kama hamna kifaa, vidole vyako vinatosha kuanza. Shika mkono wake pale chini ya kidole gumba, hesabu dakika 1 nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, mapigo yakiwa hayana mpangilio hiyo hesabu itakudanganya. Andika namba, andika kama yanaruka ama yako sawa, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini. Presha pia pima mara 3 mfululizo utume zote, juu mashine hizi hubabaika na mapigo ya kuruka. Kama hamna mashine, ulizia mhudumu wa afya ya jamii wa hapo kijijini, wengi walipewa mikoba yenye mashine ya presha tangu 2023. Wa kwa mama hupita, anapima, ananitumia picha.

Halafu dawa, na hapa naomba msome polepole. Mama anameza warfarin ya kuzuia damu kuganda, na simu haiwezi kupima damu. Kwa hivyo INR, yaani kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, tunapimia karibu na nyumbani, matokeo yanapigwa picha, daktari anarekebisha dozi kwa simu. Wengi wenye shida hii hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, lakini mwenye valvu ya chuma anaweza kuwekewa juu zaidi, so muulize daktari wako namba yenu. Dozi mpya itoke kwa maandishi, kwa miligramu, isiwe "ongeza nusu tembe", juu tembe ziko za nguvu tofauti na mzee akichanganya ni hatari. Mimi humsomea daktari dozi tena kabla hajakata simu.

Majirani walimwambia mama aache mboga kabisa. Daktari akakataa. Mrenda, managu, saga, sukuma zina vitamini K ambayo inapunguza nguvu ya warfarin, lakini cha muhimu ni kula kiasi kile kile kila wiki, si kuacha wiki hii na kujaza sahani wiki ijayo. Kinachoniogopesha zaidi ni kemisti. Flagyl na Septrin zinaweza kupandisha INR vibaya, Brufen na diclofenac zinaleta kuvuja damu, na hizi ndo dawa kila mtu hununua bila kuuliza. Sheria yetu ni moja: picha ya pakiti kwa daktari kwanza, kumeza baadaye. Na usibadilishe warfarin juu umeskia kuna dawa mpya zisizohitaji INR, kwa wagonjwa wa rumatiki utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha warfarin ilifanya vizuri kuliko rivaroxaban, moja ya hizo dawa mpya.

Siku ya simu ya video mwache mgonjwa aongee mwenyewe. Sisi watoto tunapenda kujibu kwa niaba yao. Mama alimwambia daktari kwamba anachoka akipanda kile kilima cha kwenda sokoni, mimi nilikuwa sijui, na dawa ilibadilishwa kwa sababu ya hiyo sentensi moja.

Lakini kuna mambo si ya simu. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, akizimia, kifua kikibana, pumzi ikikata, choo kikiwa cheusi kama lami, ama akianguka agonge kichwa na yuko kwa warfarin, usitume meseji ukae ukingoja tiki za buluu. Tafuta gari, mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu, kumbuka saa ya mwisho alipokuwa sawa, na ukifika waambie kabla hata hawajauliza kwamba anatumia warfarin, uwaonyeshe INR ya mwisho kwa simu yako.