Bustani ya Nyumbani Dodoma: Tuta Lizame, Lisinyanyuke

Anayehamia Dodoma akiwa amezoea kulima Lushoto au Arusha huja na tuta lake kichwani: udongo umenyanyuliwa, kingo zimechongwa, linapendeza. Hapa tuta hilo ni hasara. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kiangazi kina upepo mkavu. Tuta lililonyanyuka hukaushwa juu na pembeni pia. Ukimwagilia asubuhi, saa nane mchana ni vumbi.

Chimba tuta la mbonyeo. Upana usizidi mita 1 ili ufikie katikati bila kukanyaga ndani. Urefu mita 4 unatosha kuanzia. Ondoa udongo wa juu sentimita 20, uweke kando. Tifua chini sentimita 20 nyingine bila kuutoa. Changanya ule udongo wa juu na samadi iliyoiva, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, kisha rudisha mpaka uso wa tuta ubaki chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10 hivi. Udongo unaosalia ndio kingo zako. Kabla ya kupanda, mwaga ndoo moja utazame: maji yakikimbilia upande mmoja, tuta halijasawazishwa, na mboga za upande wa pili zitadumaa mwaka mzima huku ukilaumu mbegu. Mvua kubwa za Januari zikija, toboa kingo sehemu moja maji ya ziada yatoke. Nyanya zipande juu ya kingo, kwa kuwa mizizi yake haivumilii kusimamiwa na maji.

Sasa fagio. Uwanja uliofagiwa mpaka udongo ukang'aa, na majani ya mwembe yanayochomwa kila jioni, ni matandazo, yaani vifuniko vya udongo, yanayoteketea. Yakusanye uyatandaze sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina, maana yakiligusa shina huoza. Maganda ya karanga ni mazuri na hapa hayakosekani. Yaloweshe kwanza yasipeperuke. Nyasi zenye mbegu ziache, zitakuletea magugu. Pumba mbichi za mbao zikae juu tu: ukizichanganya na udongo, hula naitrojeni na mboga hugeuka njano. Mchwa watakuja. Wengi wao hufuata majani makavu, si mchicha wako, kwa hiyo usikimbilie sumu. Ongeza matandazo na usiache tuta likauke kabisa.

Hesabu ya maji si ngumu. Kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga hutaka kama lita 5 kwa siku, yaani tuta lako la mita 4 hunywa ndoo moja. Miche ikishashika, mwagilia ndoo mbili kila baada ya siku moja badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Kunyunyiza huifundisha mizizi kukaa juu. Chimba kwa kidole: unyevu ufike chini, si ngozi tu ya udongo. Mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita 40 za mraba ni lita 800, na hata ukipoteza sehemu ya tano unabaki na 640. Maji ya mwanzo yaachie yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uelekeze gata kwenye tangi. Maji ya kufulia yapeleke kwenye mpapai na migomba, siku ile ile, yasiwe na jiki, na mara kwa mara yafuatishe maji safi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, chumvi imezidi.

Vidukari kwenye sukuma wiki huwatia wengi hofu. Kabla ya kupulizia chochote, geuza jani: ukikuta vidudu wekundu wenye madoa meusi, wanavila, na dawa itawaua hao kwanza. Subiri siku chache, au vipanguse kwa mkono. Panda mbaazi upande unaotoka upepo, huvunja nguvu yake na maua yake hulisha nyuki. Acha mashina mawili ya mrehani yachanue. Acha pia kipande cha ardhi kisicho na matandazo, maana wako nyuki wanaochimba viota ardhini. Ukiwawekea mijusi wala wadudu rundo la mawe, liwe mbali na mlango, kwa sababu nyoka nao hulipenda.

Kiangazi ndege chozi na nyuki hukosa pa kunywa. Sahani ya udongo yenye maji ya kina cha sentimita 3 na kokoto za kusimamia inatosha, mahali peupe ambapo paka hawezi kujificha. Badilisha maji kila siku, mbu wasipate muda wa kukua humo, na yale ya jana yamwage kwenye shina la mpapai.