Muulize Mama Spea: Keria inacheza, muuzaji hapokei simu

*Shikamoo Mama Spea. Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Nilinunua keria ya baiskeli, ile ya kufunga nyuma ya gari kwa mikanda, shilingi laki moja na themanini, ili Desemba niwapeleke watoto Lushoto na baiskeli zao. Tukasema kwanza tuijaribu kwenda Bagamoyo, baiskeli tatu. Tangu Bunju kila tukipita rasta nasikia mlio nyuma. Kufika Mapinga, baiskeli ya mdogo inaning'inia kwa mkanda mmoja na spoila imepata ufa. Nilirudi dukani, muuzaji akaniambia shida ni gari langu. Siku hizi hapokei simu. Je, nimpe fundi aichomelee, au ninunue nyingine? Na hiyo nyingine nitajuaje kama ni imara?*
*Baba wa Wawili, Tegeta*

Marahaba, baba. Pole kwa spoila, ila ingeweza kuwa zaidi ya spoila. Baiskeli ikidondoka barabara ya Bagamoyo jioni, anayekufuata nyuma ni bodaboda.

Hayo maneno, "shida ni gari lako", nayafahamu vizuri kwa sababu na mimi nimeyasema. Miaka kumi na tisa nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mhuri wetu wa "mali ikishauzwa hairudishwi" niliugonga mwenyewe kwenye kila risiti. Siku moja mwalimu mmoja wa Kibaha aliniletea malalamiko ya keria ya juu ya paa. Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Hakubishana. Akaniambia, "Njoo nje, mama, uitikise." Nikatoka, nikaishika, nikaitikisa, ikanifuata mkononi kama jino bovu. Kwenye kaunta mtu unaweza kusema lolote, lakini ukishaishika kwa mkono wako huna la kusema. Tulibadilisha bolti zote nne siku ileile, na mwalimu yule akawa mteja wangu mpaka nafunga.

Kwa hiyo na wewe usirudi dukani na keria kwapani. Ifunge kwenye gari, baiskeli zikiwa juu yake, upaki mlangoni asubuhi wateja wengine wakiwepo, umwombe kwa adabu atoke aitikise.

Kuhusu kuchomelea: hapana. Ugonjwa wa keria yako hauko kwenye kukatika. Uko kwenye kucheza, pale mikono inapoungana na fremu, na kwenye kulabu zilizoshika plastiki badala ya bati. Mabomba ya keria za bei hiyo ni membamba, moto unayala, na yakiwa ya alumini fundi wako wa mtaani mwenye mashine ya kawaida hatayaunga, atayatoboa.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji wako alipaswa kukuambia. Keria za maana huja na orodha ya magari zinayoyakubali. Jina IST hutaliona kwenye orodha za Ulaya wala Marekani, maana huko halikuuzwa kwa jina hilo. La kwako, toleo la kwanza, Marekani liliitwa Scion xA. Toleo lililofuata liliitwa Scion xD kule, na Ulaya likaitwa Urban Cruiser. Tafuta kwa majina hayo. Orodha ikisema gari lenye spoila halifai kwa keria hiyo, basi halifai, hata muuzaji akiapa kwa mama yake.

Kabla hujatoka nyumbani kwenda kununua, pima baiskeli. Panda mzani ule wa bafuni bila kitu mkononi, kisha panda umebeba baiskeli, utoe namba ya kwanza kwenye ya pili. Baiskeli ya chuma ya mtu mzima mara nyingi inapita kilo 15, za watoto si nyepesi kama tunavyodhani, na tatu kwa pamoja zinakaribia 40. Keria nyingi za mikanda zinaandikwa kilo 15 kwa baiskeli moja. Na kilo hizo ni za lami iliyonyooka. Ukiruka tuta ambalo hukuliona, kwa nukta moja mzigo unavuta kuliko uzito wake. Watengenezaji wengi wanaandika kabisa kwamba keria yao isiende barabara ya vumbi, au ikienda ipunguziwe mzigo. Maandishi hayo ni madogo, yako kurasa za mwisho.

Ukifika dukani, usianze na bei. Mwombe aifunge kwenye gari lako, pale pale. Akikataa umeshamjua. Ikishafungwa, shika ncha za mikono kule juu na usukume kushoto na kulia kwa nguvu. Keria nzuri italiyumbisha gari zima. Mbovu itayumba peke yake, gari limetulia. Halafu chungulia maungio: napenda yale ambayo pini ya chuma inapita tundu upande hadi upande, siyaamini yanayoshikwa na meno ya plastiki yaliyobanwa kwa kifundo. Gonga bomba kwa ufunguo. Likilia kama mkebe wa maziwa, liache. Pindua mkanda uangalie pale ulipokunjwa na kushonwa kwenye kifungio. Mshono mmoja ulionyooka unafumuka wote uzi ukikatika mahali pamoja. Nataka nione mistari kadhaa, au ule wa boksi wenye msalaba katikati. Kifungio chenyewe kivute kwa ghafla mara tano. Mkanda ukiteleza hata nusu sentimita, fikiria Mombo hadi Lushoto, kilomita zaidi ya 30 za kona na mlima, halafu urudi kwa kushuka.

Sasa huduma. Watu wanaipima baada ya kuharibikiwa, na hapo umeshachelewa. Ipime kabla hujatoa hela. Piga simu dukani, useme: "Naomba mkanda mmoja tu wa keria fulani na vile vimpira vya chini." Si lazima wawe navyo. Sikiliza wanavyojibu. Anayesema "subiri nimuulize fundi, nakupigia", na akapiga kweli, huyo hata akikuzidishia elfu ishirini mpe. Anayesema "mkanda hauuzwi peke yake, nunua keria nyingine" amekueleza mapema utakavyoishi naye.

Kisha mwandikie kwa WhatsApp: gari langu ni hili, mwaka huu, lina spoila, baiskeli tatu, kilo kadhaa, safari ya Lushoto, je, hii inafaa? Jibu lake lihifadhi. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani na akategemea utaalamu wake: kitu hicho kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Ukikaa kimya ukanunua kwa macho, umejipunguzia nguvu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uipige picha siku hiyohiyo, maana zile karatasi zikikaa juu ya dashibodi wiki mbili zinabaki nyeupe.

Kwa huyu wako wa sasa, mpe nafasi moja zaidi kama nilivyosema, gari likiwa mlangoni. Akiendelea kukukimbia, andika barua fupi yenye tarehe, bei, picha ya ufa na nakala ya risiti, mpelekee. Asipojibu, ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Mara nyingi barua yenye maneno "nakala kwa FCC" chini yake humkumbusha muuzaji kupokea simu. Msimamizi wetu Gerezani alikuwa haogopi matusi ya mteja hata kidogo, lakini barua yenye tarehe ilimnyima chai.

Ukishapata keria nzuri: baiskeli nzito ikae karibu na gari, ya mtoto ikae nje. Zielekeze tofauti, usukani wa hii upande wa tandiko la ile, pedeli zisikwaruzane. Gurudumu la mbele lifunge lisizunguke. Tyubu kuukuu iliyokatwa ndiyo sponji bora ya kuzuia fremu zisisuguane, na haina gharama. Angalia tairi lisikae mbele ya ekzosi, linapikika. Simama baada ya kilomita kumi ukaze mikanda, maana lazima italegea, usiione aibu. Na ukirudi ioshe, hasa ninyi mnaokaa karibu na bahari, kutu huanzia ndani ya kulabu pasipoonekana.

*Mama Spea, fundi wangu ananichongea keria ya chuma ya kufunga kwenye chuma cha kukokotea tela, itabeba baiskeli nne nyuma ya Noah. Anasema itadumu milele. Unasemaje?*
*Mpanda Vilima, Arusha*

Yenyewe itadumu, sina wasiwasi. Chuma cha kukokotea ndicho hakitadumu. Kile kina kikomo cha uzito kinachokandamiza kwenda chini, na kwenye magari mengi ya familia ni kama kilo 50 au 75. Keria za kiwandani za baiskeli mbili tu zenyewe hufika kilo 17 au zaidi, na ya fundi wako naikadiria maradufu. Ongeza baiskeli nne. Piga hesabu kabla hajawasha mashine, na umwambie atengeneze ya mbili.

Halafu mlango wa nyuma wa Noah unafunguka kwenda juu. Muulize utautoaje mzigo baiskeli zikiwepo; kama hajafikiria bawaba ya kuilaza keria, bado hajaanza kazi. Namba ya gari na taa zikifunikwa, trafiki wa kwanza atakusimamisha Tengeru na atakuwa na haki.

*Baiskeli yangu ni ya kaboni. Naweza kuibana kwenye fremu kama nyingine?*
*Moshi*

Usibane fremu. Tafuta keria inayoshika magurudumu.