Barua kwa mwanangu: chukua ile ya alumini

Mwanangu mpendwa,

Huku Bukavu hatujambo. Mama yako anakusalimu, bibi yako pia, na mvua inaendelea kuivuruga barabara ya Walungu kama ulivyoiacha.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni upumbavu kwa mtu anayeishi kwa mshahara kule Lubumbashi kununua 4x4 ya zamani, aitengeneze mwenyewe jioni na Jumamosi? Pili, kati ya yale mawili uliyoonyeshwa, Toyota Land Cruiser HJ60 ya mazuti (dizeli) na Land Rover Series III ya esansi (petroli), uchukue lipi?

Si upumbavu, mradi usijidanganye kwamba unabana pesa. Ni starehe, kama wengine walivyo na bia na mpira. Nimeona wengi wakianza kwa kusema gari la zamani ni la bei nafuu, na ndio hao hao huliuza vipande vipande, leo mlango, kesho gia. Bei ya kununua ni mwanzo tu. Kama mfukoni hutabaki na angalau nusu ya bei hiyo, ngoja. Na usilitegemee kukupeleka kazini. Gari likiwa ndilo la Jumatatu asubuhi, Jumapili usiku utafunga bolti kwa hasira, utaruka hatua, na baada ya muda utalichukia. Endelea na taksi zako.

Sasa la pili. Najua unatarajia papa yako aseme Toyota, maana maisha yote umenisikia nikiisifu. HJ60 ni gari bora, hapo sibishani na mtu. Injini yake ya 2H ina silinda sita, lita nne, haina turbo. Ikipata mazuti safi na hewa safi, inaenda. Lakini moyo wake ni pampu ya mazuti, na pampu ile haifunguliwi chini ya mwembe. Inahitaji mashine ya kuipimia na fundi aliyeisomea, na wewe utasimama pembeni umeshika mkoba. Umeniandikia kwamba unataka mikono yako ndiyo ijue. Basi chukua Land Rover.

Injini ile ya esansi, lita 2.25, ni mwalimu mvumilivu. Ikikataa kuwaka, una maswali mawili tu: cheche ipo? Esansi inafika? Unafungua buji (plagi), unaangalia cheche kwa macho yako. Unafungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa buji, unasafisha platini, vile vidude vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche, unapima nafasi yake. Unachomoa mpira wa esansi kwenye kabureta uone kama inatiririka. Nafasi chini ya boneti ni kubwa kiasi kwamba mkono unaingia hadi kwenye bega. Kitu kimoja kitakuudhi: spana zako za milimita, ile 10, 12, 14 na 17 zinazofungua karibu Toyota nzima, pale hazifai. Tafuta za inchi, 7/16, 1/2 na 9/16 kwanza. Usikubali kulazimisha 13 kwenye bolti ya 1/2 hata fundi akikucheka; inaingia, ndiyo, na siku bolti ikiwa imeshika kutu itakula kona zake zote.

Usinunue bodi. Bodi ya Land Rover ni alumini kwa sababu ya shida: gari la kwanza lilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa vibali baada ya vita. Alumini haioti kutu kama chuma, kwa hiyo gari la miaka arobaini linaweza kung'aa huku chini limeoza, maana shasi, ile fremu inayobeba gari zima, ni chuma. Muuzaji atakuonyesha milango na rangi mpya. Wewe lala chini na nyundo ndogo. Gonga shasi yote, hasa ule mhimili wa nyuma kabisa na mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bubu, au nyundo inazama. Ukikuta shasi imepakwa lami nzito ya juzi juzi, uliza inaficha nini. Kama shasi imekwisha, ondoka hata kama injini inaimba.

Nenda asubuhi, na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukione. Fungua kifuniko cha redieta kingali baridi utazame kama juu ya maji kuna mafuta. Halafu washa. Moshi wa buluu unaoendelea maana yake inakula oili. Moshi mweusi ni esansi nyingi au hewa kidogo, na hiyo mara nyingi ni kabureta, usiogope. Mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, shuku gasketi ya kichwa cha injini. Mwisho inua gurudumu la mbele kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi au zile pini zinazoshikilia tufe kubwa la chuma nyuma ya gurudumu. Vyote hutengenezeka, lakini viingize kwenye bei.

Ukishalileta nyumbani, najua utatamani kuanza na injini. Hapana, binti yangu. Anza na breki. Series III ina ngoma magurudumu yote manne, na huku kwetu kwenye mteremko wa Ngomo, ukishuka Kamanyola, ngoma zikishapata moto pedali inakuwa kama kukanyaga matope. Lubumbashi ni tambarare, nakubali, lakini malori ya mpakani Kasumbalesa hayatakusubiri. Badilisha mipira yote ya silinda za breki na maji yake bila kuuliza kama ni mazuri. Kisha usukani, kisha redieta na mipira yake, kisha oili zote: ya injini, ya gia, ya sanduku la pili la gia, ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele na ya nyuma, na ya yale matufe mawili ya mbele ambayo kila mtu huyasahau. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Gari lililopakwa rangi kwanza huwa halimaliziki, sijui kwa nini, ila nimeliona hilo kwa jirani zangu wote wa Ibanda.

Huko adui yako si matope kama huku. Ni vumbi jekundu, hasa kuanzia Mei hadi Septemba. Land Rover ile husafisha hewa kwa kuipitisha kwenye bakuli lenye oili. Ni ufundi wa zamani na ni mzuri sana, maana hununui filita: unafungua bakuli, unamwaga uchafu, unaosha, unatia oili mpya. Lakini oili ikishageuka uji wa vumbi haishiki tena kitu, na mchanga unaingia moja kwa moja kwenye silinda. Ukirudi kutoka barabara ya udongo, lifungue siku hiyo hiyo kabla hujaoga.

Kuhusu yale magurudumu manne. Kirungu cha manjano ni cha kuvutia mbele na nyuma pamoja. Mkono mwekundu ndio wa gia nzito, za kwenda polepole kwa nguvu. Kwenye lami kavu acha magurudumu mawili tu yavute. Gari hili halina difu ya katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele hutaka kwenda mbali kuliko ya nyuma. Kwenye udongo yanateleza kidogo na kusameheana, kwenye lami chuma kinajikamua mpaka kitu kivunjike. Gia nzito zitumie pia kushuka: weka ya pili, ondoa mguu kwenye breki, uiache injini izuie.

Usitegemee mbio. Ni farasi takribani 70, na ikipita kilomita 80 kwa saa hutasikia hata unachowaza. Ndiyo maana napenda wazo lako la kwenda hifadhi ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Lakini usiende mwaka wa kwanza, na usiende na gari moja. Anza na njia ya Kipushi na kurudi, kama kilomita 60 zote pamoja, ukiwa na maji, oili, mkanda wa feni, platini za akiba, waya na kamba. Rudi, lala chini yake, uone kilicholegea. Kitakuwepo.

Piesi (vipuri) zitakutesa kuliko za Toyota, ambazo zipo kila kona, pamoja na bandia zake. Za Land Rover zinaendelea kutengenezwa ng'ambo, na nyingi zitakufikia kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia. Usitupe piesi ya zamani kabla mpya haijakaa mahali pake.

Kabla hujatoa pesa, linganisha namba ya shasi na ile ya kwenye karte rozi (kadi ya usajili wa gari), tarakimu kwa tarakimu, na muuzaji awe ndiye mwenye jina lile au aje na mwenyewe. Papo hapo nitumie picha ya chini ya gari, si ya milango.

Mama yako ameisoma barua hii begani kwangu na anauliza gari lenyewe litalala wapi, na ukiolewa litaenda wapi. Hayo mjibu yeye.

Papa yako