Maswali ya wasomaji: Dola zilizokwama na vikwazo vingine

SWALI: Nakusanya mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara hapa Kirumba na kumuuzia mteja wa Hong Kong. Safari hii dola zake zimelala wiki ya tatu, benki inaniambia "ukaguzi wa vikwazo". Mimi na vikwazo wapi na wapi?
Mfanyabiashara, Mwanza

JIBU: Pole, ndugu yetu. Dola hazitoki Hong Kong zikaingia Mwanza moja kwa moja. Hupitia benki ya katikati, mara nyingi New York, na hapo zinakuwa chini ya sheria ya Marekani. Mitambo ya benki hiyo hulinganisha kila jina lililo kwenye malipo, la mlipaji, la mlipwaji, hata la meli likitajwa, na orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani ya waliowekewa vikwazo. Jina likikaribiana tu na lililomo, pesa inasimama mpaka mtu aliangalie kwa macho yake. Akina Hassan na Mohamed hukwama zaidi, maana majina hayo yamo mengi na yanaandikwa kwa tahajia nne tano. Kukwama si kushtakiwa.

Ila usikae kusubiri. Mwulize ofisa wa benki yako: kinachoulizwa ni jina, bidhaa au nchi? Kama ni jina, peleka majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, tarehe ya kuzaliwa na uraia. Kwa hayo watakutenganisha na yule wa kwenye orodha. Kama ni bidhaa, ankara itaje "mabondo makavu ya sangara", kilo ngapi, bei ya kilo, na iambatane na kibali cha kusafirisha nje, cheti cha afya na hati ya mzigo wa ndege. Ankara ya "bidhaa mchanganyiko" inajitafutia maswali.

Kinachoharibu zaidi ni mteja kulipa kupitia kampuni ya rafiki yake. Jina la ankara na la malipo hayalingani, na huo ndio mtindo wa wakwepaji. Tena kampuni inaweza isiwe kwenye orodha na bado ikazuiwa, iwapo walioorodheshwa wanamiliki kwa jumla yao asilimia 50 au zaidi. Kwa hiyo mwulize mteja wenye kampuni ni akina nani kabla mzigo haujapanda ndege. Na usithubutu kubadili herufi za jina ili malipo yapite mara ya pili. Ukaguzi wa kawaida utageuka kesi.

SWALI: Shikamooni. Wazee wa hapa husema mwaka 1999 Ulaya ilituwekea vikwazo vya samaki. Ni kitu kilekile?
Binti wa mvuvi, Ukerewe

JIBU: Marahaba, binti. Kwa aliye mtumbwini maumivu hayakutofautiana. Kisheria ni vitu viwili. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 kwa hofu ya sumu ya kuulia wadudu iliyotumika kuvulia. Marufuku ya afya ina mtihani unaojulikana: maabara, usafi wa mialo, barafu, cheti. Ukifaulu, unafunguliwa. Vikwazo vya siasa vinadai mtawala abadilike, na hilo mvuvi hana maabara ya kulipima.

Sangara naye hasubiri. Ana mafuta mengi, ukimwanika juani kama dagaa anaoza. Kiwanda kikisimama, ni kumkausha kwa moshi au kumtia chumvi awe kayabo wa kwenda Kongo, kwa bei anayoitaka mnunuzi.

SWALI: Vikwazo hubadilisha watawala kweli?
Mwalimu, Sengerema

JIBU: Mwalimu, tazama Burundi, ambako sisi Tanzania tulikuwa miongoni mwa waliofunga mpaka. Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka huko kwa mapinduzi tarehe 25 Julai 1996. Tarehe 31 wakuu wa nchi za kanda walikutana Arusha, wakaiwekea Burundi vikwazo na kudai mambo matatu: bunge lirudi, vyama viruhusiwe, na mazungumzo na pande zote yaanze bila masharti. Mawili ya kwanza aliyatekeleza Septemba ileile, kwa kuwa yalimalizwa kwa amri ya mtu mmoja. La tatu lilimhitaji adui, yaani waasi, akubali pia, likaburuta. Wakati huo petroli ya magendo ilikwishapata wenyewe: mwenye lori anayefahamiana na askari wa mpakani anatajirika wakati mpaka umefungwa, na mtu huyo hawezi kumsukuma mtawala apatane. Vikwazo vililegezwa Aprili 1997, vikasitishwa Januari 1999. Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi ulitiwa saini Agosti 2000, vikwazo vikiwa vimekwishaondoka.