Jibu kwa aliyekwama na PDF mia mbili za thisisi

Mdogo wangu, umeandika una PDF zaidi ya 200, umebakisha miezi miwili, thisisi yako ya masta ya saikolojia ni ya mapitio ya tafiti tu yaani huendi kuhoji watu, na supavaiza kakurudishia rasimu ati haina mbele wala nyuma. Soma hapa pole pole, manake mimi nilipita humo humo, tena nikiwa hapa Lamu na chuo kiko huko bara, supavaiza namuona kwa simu tu na stima iwepo.

Yangu ilikuwa juu ya huzuni ya mama baada ya kujifungua, Afrika Mashariki. Karibu mwaka nasoma. Asubuhi naenda zangu maktaba ya pale Ngomeni, nachukua makala moja, naisoma, naandika aya moja, fulani na wenzake waligundua hivi. Kesho nyengine, aya nyengine. Nikafika kurasa 60 nikajiona nishatia nanga. Supavaiza akaniuliza maswali mawili tu: ulitafuta wapi, lini, kwa maneno gani? Na la pili, kati ya hawa wote nani hakubaliani na nani, na kwa nini? Nikanyamaza mpaka akawa anaita "haloo, haloo", yeye akidhani mtandao umekata kumbe ni mimi sina jibu.

Basi kosa langu, na nadhani ndilo lako, ni kwamba nilikuwa naandika makala, siandiki swali. Zile kurasa 60 zilikuwa orodha ya watu waliosema kitu. Na mada yangu ilikuwa pana mno, "huzuni ya mama Afrika Mashariki" hilo si swali, hilo ni kama kumwambia nahodha nipeleke baharini. Nikalikata likawa: mbona tafiti hizi zinatoa asilimia tofauti hivi ilhali wote wanasema wanapima kitu kimoja? Hapo ndipo nikaanza kuona njia.

Kutafuta nikaanza upya, inauma lakini ilichukua siku nne tu. Chukua daftari au faili moja, kila ukitafuta andika tarehe, umetafuta wapi, maneno yenyewe herufi kwa herufi, na umepata ngapi. Maneno yanayofanana unayaunga kwa OR (postpartum OR postnatal OR perinatal, manake kila mwandishi ana lake), kisha makundi unayafunga kwa AND. Na ukiweka kinyota, depress*, unapata depression na depressive na depressed kwa mpigo mmoja. Nilitafuta kwenye hifadhi za makala za mtandaoni: PubMed ambayo ni bure, PsycINFO ya wale APA wa Marekani ambayo si bure ila chuo kilikuwa kimelipia na unaweza kuingia ukiwa nyumbani (waulize watu wa maktaba ya chuo chako, wengi hawajui kama wana hiyo njia), na African Journals Online, hiyo usiiache, majarida mengi ya kwetu huyapati kwengine. Google Scholar nilitumia kufuata nani kamnukuu nani, si zaidi, manake inakumwagia maelfu na huwezi kueleza uliishia wapi.

Hesabu zangu zilikuwa hivi: 612, nikatoa zilizojirudia 148 zikabaki 464, nikasoma abstrakti, ule muhtasari wa mwanzo, zikabaki 71, nikasoma nzima nzima zikabaki 23. Ishirini na tatu! Nililia kidogo wallahi, kurasa 60 zote zile. Lakini zile 48 za mwisho nilizoziacha kila moja niliandika sababu yake, na mchoro ule wa PRISMA, wa kuonyesha umepata makala ngapi, umeacha ngapi na zimebaki ngapi (tumia wa 2020, na ile orodha yake ya vipengele 27 iweke pembeni unapoandika) ukajichora wenyewe. Kama mapitio yako ni ya kueleza tu na si ya kimfumo (systematic review) hawatakudai mchoro, ila weka hizo hesabu, zitakuokoa siku ya kutetea.

Sasa jedwali, na hapa ndipo nataka ukae. Excel, kila makala mstari mmoja. Safu za kawaida unazijua, nchi, mwaka, watu wangapi. Mimi niliongeza tatu: wametumia kipimo gani, wamekata alama wapi, na mama alikuwa na wiki ngapi tangu ajifungue. Wengi walitumia ile EPDS ya Edinburgh, fomu ya maswali ya huzuni baada ya kujifungua, ya Cox na wenzake ya 1987, maswali 10, alama kutoka 0 mpaka 30. Sasa yuko anayesema mwenye 10 kwenda juu ana dalili, na yuko anayesema 13. Hebu fikiria mama hao hao, majibu hayo hayo, ukishusha alama ya kukata asilimia inapanda, hakuna mama aliyeumwa zaidi. Halafu EPDS ni ya kuchuja tu, haikwambii huyu mama ana ugonjwa, ya kutambua ugonjwa ni mahojiano ya mtaalamu, na mimi nilikuwa nimezichanganya zote kwenye aya moja kama pilau.

Safu ya wiki ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Utafiti ukifanyiwa kliniki unawakuta mama siku za chanjo, na chanjo Kenya ni wiki ya 6, ya 10, ya 14. Wiki 6 ni siku 42. Sisi huku mzazi anakaa arobaini, anakandwa, anapikiwa, mtoto anabebwa na huyu na yule, halafu arobaini ikiisha kila mtu anarudi kwake. Kwa hiyo ukimuuliza wiki ya 6 unamuuliza juu ya siku saba zilizopita, manake EPDS ndivyo inavyouliza, yaani umemkamata pale pale mlangoni msaada ukitoka. Hilo halikuwa kwenye makala yoyote kati ya zile nilizosoma, nililiona kwa sababu nilizipanga safu kwa wiki na mamangu alikuwa jikoni anamwambia shangazi kuhusu mkwe wa jirani aliyemaliza arobaini juzi na haachi kulia. Nililiandika kama pengo la kufanyiwa utafiti, sikulisema kama tokeo, angalia hiyo tofauti.

Na tafsiri. Swali la 6 la EPDS kwa Kiingereza linasema things have been getting on top of me. Nilimsomea mamangu neno kwa neno, "mambo yamekuwa yakinipanda juu," akanitizama akauliza mambo gani hayo ya kupanda juu, mbuzi? Mtu wa hapa anasema mambo yamenielemea, au yamenizidi, basi. Kwa hiyo safu nyengine ikazaliwa: kipimo kilifasiriwa vipi, na je, kilijaribiwa kwa watu wa hapo kabla? Walioandika wazi walikuwa wachache, na hiyo peke yake ilikuwa kurasa nne.

Umeona sasa? Chapta inaandikwa kwa safu, si kwa mistari. Sehemu moja vipimo, moja alama za kukata, moja wakati, moja lugha, na ndani ya kila sehemu watafiti wanakutana wanabishana, makala moja inaweza kutokea mara nne. Ukiona aya yako inaanza na jina la mtu na inaishia na mtu huyo huyo, hiyo irudishe.

Mengine haraka haraka. Zotero, programu ya kupanga PDF na marejeo, ni bure, iweke leo, mimi nilikuwa na mafaili yameitwa fulltext(3) na download17 nikapoteza wiki nzima. Makala ikidai dola mwandikie mwandishi barua pepe kwa adabu, wengi wanakutumia. Hizi programu za AI usizipe kazi ya kukutafutia marejeo, mimi nilipewa makala ya kichwa kizuri kabisa na majina ya watu wa kweli, nikaitafuta siku mbili, haipo duniani.

Kwa miezi yako miwili ningefanya hivi: wiki ya kwanza usifungue PDF hata moja, kata swali na umtumie supavaiza kwa sentensi moja, asipolielewa likate tena. Wiki mbili kutafuta na kuchuja, wiki mbili jedwali, zinazobaki kuandika. Na uliuliza utajuaje umesoma vya kutosha. Mimi niliacha nilipoona makala tano mfululizo zimejaza mistari lakini hazijanidai safu mpya.

Jedwali langu tupu bado ninalo, nikute inbox nikutumie, ila safu za arobaini na tafsiri zifute uweke za mada yako.