Wakikucheka kwa kufuatilia UFO, waalike

Kijana mmoja wa Ngaramtoni ameniandikia. Anataka kuwakusanya watu wa Arusha wanaofuatilia UFO, yaani vitu visivyotambulika vinavyoonekana angani, lakini nyumbani wanamwambia amekosa kazi ya kufanya, na mjomba wake anadai huo ni mlango wa mashetani. Anauliza aanzeje. Mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana najua mko wengi mnaolitamani jambo hili na mnaogopa kulisema.

Mimi nauza mitumba Memorial, hapa Moshi. Kundi letu hukutana uwandani, chini ya Boma Ng'ombe, mbali na taa za mji, tukiwa na mikeka, majaketi na chupa za chai. Nililianza na mdogo wangu wa kike na dereva mmoja wa fuso aliyekuwa akiona mambo barabarani usiku. Leo wanakuja walimu, waongoza watalii, hata mzee mmoja mstaafu wa uwanja wa ndege. Nalisema kwa fahari, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono.

Nilichopewa ni maneno. Kwenye kikoba chetu, mama niliyemkopesha ada ya mwanawe alisimama akasema fedha za wanachama zisikae kwa mtu anayeongea na majini. Nikavuliwa uweka hazina siku ileile, na hakuna aliyenitetea. Redio moja iliniita nikahojiwe. Nikaenda na daftari langu, nimejiandaa, na mtangazaji akawa anapiga sauti za vichekesho kila nikifungua kinywa. Wanangu walikuwa wanasikiliza nyumbani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini sikia. Wanaobisha hawafanani. Yuko anayebisha ili watu wacheke, na yuko anayebisha kwa sababu kuna kitu anakijua. Huyu wa pili mtafute kwa udi na uvumba. Mzee wetu wa uwanja wa ndege alikuja kutuumbua, na alisema hivyo hivyo mbele ya watu. Akatuonyesha kwamba ndege inayoshuka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ikiwa imekuelekea, taa yake huonekana imesimama palepale angani, kisha inapokata kona unadhani imeruka ghafla. Mambo mengi tuliyokuwa tukiyasimulia kwa kiapo yaliisha usiku ule. Wapo waliohuzunika wakaacha kuja. Mimi nilifurahi, kwa kuwa vilivyobaki daftarini vilipata uzito.

Sasa hatuandiki kitu kuwa cha ajabu kabla ya kuviondoa vya kawaida. Kwanza Zuhura, inayong'aa kupita nyota zote, jioni magharibi au alfajiri mashariki. Halafu setilaiti za intaneti za Starlink, ambazo tangu 2019 hurushwa kwa makumi na siku za mwanzo hupita zimefuatana kwa mstari. Mchana kuna yale mawingu ya mviringo juu ya Kibo na Meru, yenye umbo la sahani kabisa: hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda mlima hupoa, unyevu unakuwa wingu, ikishuka upande wa pili wingu linayeyuka. Ndiyo maana linaonekana limeganda hata upepo ukivuma kwa nguvu. Andika saa, upande, muda kilipoonekana. Andika hapohapo, usingoje asubuhi.

Anayekuambia kuchunguza namna hii ni kutoamini UFO, mweleze habari za J. Allen Hynek. Jeshi la anga la Marekani lilimchukua mwaka 1948 kama mwanaastronomia apitie taarifa hizi, na alianza akiwa mbishi. Mradi wa jeshi hilo wa kuchunguza UFO, ulioitwa Blue Book, ulipofungwa 1969, taarifa zilizokusanywa zilikuwa 12,618, na 701 hazikupata maelezo. Hynek mwenyewe aligeuka, na 1973 akaanzisha kituo chake cha kuyachunguza mambo haya.

Wala usikubali kuambiwa haya ni ya Wazungu. Tarehe 16 Septemba 1994, pale Ruwa, Zimbabwe, watoto wapatao 60 wa shule ya Ariel walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa michezo, walimu wakiwa kikaoni. Wenye shaka hukumbusha kwamba siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalionekana yakiwaka katika anga la kusini mwa Afrika. Hoja hiyo ni nzito na huwa naisoma kwenye mikutano yetu. Ila John Mack, profesa wa Harvard, alienda akawasikiliza wale watoto bila kuwacheka. Chuoni kwake aliundiwa kamati ya kumchunguza kwa kazi yake na watu wanaosema wamekutana na viumbe hao, na nafasi yake hakunyang'anywa. Kama profesa alihojiwa, wewe na mimi ni nani tusihojiwe? Acheni kulialia, vijana. Jengeni kumbukumbu.

Kuhusu mjomba, usibishane naye juu ya dini. Mimi Jumapili niko kanisani. Mwambie tu kwa adabu kwamba padri José Gabriel Funes, alipokuwa mkuu wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza anga, alisema mwaka 2008 kuwa kuamini huenda kuna viumbe kwingine hakupingani na kumwamini Mungu. Kisha mwombe aje usiku wa kwanza, mpe kalamu, yeye ndiye awe mwandishi wa daftari.